Gwaride la Kijerumani na Waliolitazama

Wanafunzi wa siasa wanapojifunza juu ya jeshi kama chombo cha dola huanza na bunduki, na hapo hawakosei. Lakini tukihesabu siku, tutaona kwamba jeshi lolote hutumia siku nyingi zaidi kwa kutembea kwa mpango, kupiga saluti, kupandisha bendera na kupiga ngoma kuliko siku linazotumia kupigana vita. Mambo hayo yana gharama, na hakuna tabaka tawala linalotumia mali yake kwa mchezo mtupu. Ndiyo maana yatupasa kuuliza sherehe za kijeshi zina kazi gani, na watu wanaozitazama huona nini.

Katika makala haya tumechagua mfano mmoja tu, nao ni mila za gwaride la Kijerumani. Hakuna gwaride lililoigwa na majeshi mengi zaidi ya hilo, wala hakuna lililochukiwa na kudhihakiwa zaidi yake, na zaidi ya hayo lilipita katika ardhi yetu na kuacha alama. Msomaji ataona kwamba mguu ule ule na ngoma ile ile vimetazamwa na mataifa mbalimbali kwa macho yasiyofanana kabisa. Mtu wa Santiago ameona heshima ya taifa, mtu wa London ameona kichekesho, Mherero wa Okahandja ameona kumbukumbu ya wazee wake, na Mjerumani mwenyewe mpaka leo hajaamua anachokiona. Wako wanaoeleza tofauti hizo kwa kusema kwamba kila watu na tabia zao. Maelezo hayo hayatoshi. Tofauti hizo zina historia, na historia hiyo inahusu nani alitoa amri, nani aliamriwa, na nani alizikwa.

Chimbuko lake

Prussia ya karne ya 18 ilikuwa dola ya kikabaila. Ardhi ilikuwa mali ya mabwana walioitwa Junker, na waliolima walikuwa watwana wasioweza kuhama bila ruhusa. Mwaka 1733 Mfalme Friedrich Wilhelm wa Kwanza aliweka utaratibu wa kuigawa nchi katika maeneo ya kuandikisha askari, kila kikosi kikapewa eneo lake. Hivyo mtwana aliyekuwa akiamriwa shambani aliingia jeshini na kumkuta bwana wake, au mtoto wa bwana wake, ndiye afisa. Bakora ikawa ile ile, iliyobadilika ni nguo tu.

Bunduki za wakati huo hazikuwa na shabaha ya mbali. Ili zifae ilibidi askari wapangwe katika safu tatu, wasogee bega kwa bega mpaka karibu na adui, kisha wafyatue kwa pamoja. Safu ikivunjika, vita vimekwisha. Tena askari hao wengi hawakuwa na sababu yoyote ya kumpenda mfalme, na wakipata kichaka walitoroka. Mwendo wa pamoja wa hatua sawa, ambao unahusishwa hasa na jemadari Leopold wa Anhalt-Dessau, ulitatua matatizo yote mawili kwa mpigo: safu haikuvunjika, na mtu aliyezoeshwa kuinua mguu pale jirani yake anapoinua alikuwa pia mtu anayeonekana mara moja akitaka kukimbia. Katika mazoezi hayo ndimo ulimotoka ule mwendo wa kunyoosha mguu bila kukunja goti, ambao Wajerumani huuita Stechschritt na Waingereza wameubandika jina la mwendo wa bata bukini. Kwa hiyo asili yake hasa ni nidhamu ya kazi iliyobuniwa kwa ajili ya watu waliolazimishwa. Urembo ulikuja baadaye.

Hata sherehe yao kubwa kuliko zote ya siku hizi, Großer Zapfenstreich, ina asili ya namna hiyo. Jina lenyewe linatokana na pigo la kizibo: jioni ulipofika wakati, afisa alipita vilabuni akigonga kizibo cha pipa la pombe, na baada ya hapo muuzaji hakuruhusiwa kuuza tena, askari wakarudi kambini. Mwaka 1813 Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu, baada ya kuwaona askari wa Urusi wakisali jioni, aliamuru na majeshi yake yafanye vivyo hivyo. Kisha mwaka 1838, mjini Berlin, mwanamuziki Wilhelm Wieprecht akaongoza wapigaji zaidi ya 1,000 mbele ya mgeni, Tsar Nicholas wa Kwanza. Tuni ya sala inayopigwa katika sherehe hiyo ilitungwa na Dmitri Bortniansky, mtunzi wa jumba la kifalme la Urusi. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wapenzi wa mila wanaotuambia kwamba sherehe hiyo ni roho safi ya Kijerumani isiyochanganyika. Sala ni ya Kirusi na saa ni ya kufunga kilabu.

Jinsi lilivyosambaa

Urusi nayo ilichukua kwa jirani. Tsar Paul wa Kwanza, aliyetawala tangu 1796 hadi 1801, alilipenda gwaride la Prussia kupita kiasi akawalazimisha askari wake walifuate. Mguu ule ulibaki Urusi baada ya Tsar kuuawa, ukabaki hata baada ya mapinduzi ya 1917, na kutoka jeshi la Kisovieti ukaenea kwa majeshi mengine mengi. Ndiyo sababu tarehe 24 Juni 1945, katika Gwaride la Ushindi mjini Moscow, askari walioliangusha jeshi la Hitler walipita Uwanja Mwekundu kwa mwendo wenye ukoo wa Prussia, wakazitupa chini ya kaburi la Lenin bendera 200 za Wajerumani walioshindwa. Hakuna raia wa Kisovieti siku ile aliyeona mguu wa Kijerumani. Aliona mguu wa mwanawe aliyerudi hai, au alimkumbuka ambaye hakurudi.

Chile ilikuwa hadithi nyingine. Nchi hiyo ilikuwa imekwisha kushinda vita dhidi ya Peru na Bolivia, lakini watawala wake walitaka jeshi la kisasa. Mwaka 1885 walimwajiri afisa wa Kijerumani, Emil Körner. Körner aliingilia siasa za nchi bila haya: katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1891 alikuwa upande wa Bunge dhidi ya Rais Balmaceda, na upande wake uliposhinda akapewa nafasi ya kulifinyanga jeshi zima kwa sura ya Prussia. Mpaka leo, kila tarehe 19 Septemba katika bustani ya O'Higgins mjini Santiago, vijana wa Chuo cha Kijeshi hupita wakiwa wamevaa kofia za ncha zenye manyoya meupe, wakinyoosha miguu, na bendi ikipiga nyimbo za Kijerumani. Familia huja na watoto na vyakula. Ukimwambia mwananchi wa kawaida kule kwamba hayo ni ya Wajerumani atakushangaa. Kwake ni ya Chile, ni ya siku ya taifa.

Lakini si kila Mchile alikuwa na nafasi ya kulitazama jeshi hilo akiwa ameketi kwenye nyasi. Tarehe 21 Desemba 1907 wafanyakazi wa migodi ya chumvi ya naitreti, waliogoma wakadai mishahara bora, walikuwa wamekusanyika na wake na watoto wao katika shule ya Santa María mjini Iquique. Jeshi lililonyolewa kwa mtindo wa Körner likawafyatulia risasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo, wengi wakikubali kwamba ni mamia. Na tarehe 11 Septemba 1973 jeshi hilo hilo lilimpindua Rais Salvador Allende aliyechaguliwa kwa kura. Siku nane tu kabla ya sikukuu ya gwaride! Kwa familia zilizopoteza watu katika uwanja wa michezo wa Santiago, kofia ya ncha haiwezi tena kuwa pambo.

Uingereza tutaipitia haraka. Mwaka 1941 mwandishi George Orwell aliandika kwamba mwendo wa kunyoosha mguu ni kitu cha kutisha, na kwamba jeshi la Uingereza halikuutumia kwa sababu raia wangelicheka. Hoja yake ina ukweli wa nusu. Ni kweli kwamba watawala wa Uingereza walijifunza kuficha ngumi ndani ya glavu pale walipokuwa nyumbani kwao. Lakini Orwell, ambaye ujanani alikuwa polisi wa kikoloni Burma, alijua vizuri kuliko wasomaji wake jinsi ngumi hiyo ilivyokuwa nje ya glavu. Tarehe 13 Aprili 1919 askari walioamriwa na Jenerali Dyer waliwafyatulia risasi watu waliofungiwa katika bustani ya Jallianwala mjini Amritsar, na hesabu ya serikali yenyewe ilikuwa wafu 379. Askari hao hawakunyoosha mguu. Waliingia kwa hatua ya kawaida ya Kiingereza.

Wajerumani wenyewe

Baada ya 1945 Ujerumani ikagawanyika, na pamoja nayo gwaride. Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba upande wa mashariki, uliojitangaza kuwa dola ya wafanyakazi na wakulima, ndio uliohifadhi sura ya zamani kwa uaminifu zaidi. Jeshi la Taifa la Umma lililoundwa mwaka 1956 lilivaa sare ya kijivu iliyofanana sana na ya zamani, na kikosi chenye jina la Friedrich Engels kilibadilisha lindo mbele ya jengo la Neue Wache mjini Berlin kwa mguu ule ule wa Prussia. Walikuwa na hoja yao: mila njema za taifa ni mali ya umma, na kilichooza ni tabaka lililozimiliki. Katika Zapfenstreich yao waliondoa sala. Hoja hiyo tunaiheshimu, lakini haituridhishi sana. Sherehe haiwi ya umma kwa sababu tu imeitwa hivyo na serikali, na umma wenyewe haukuulizwa. Lindo la mwisho mahali pale lilisimamishwa tarehe 2 Oktoba 1990, siku moja kabla ya dola ile kukoma.

Upande wa magharibi jeshi jipya, Bundeswehr, lililoanzishwa mwaka 1955, liliuacha mguu wa kunyoosha likatangaza kwamba askari ni raia aliyevaa sare. Hayo yalikuwa maendeleo. Lakini jeshi hilo lilianzishwa na maafisa waliomtumikia Hitler, na raia wengi hawakusahau. Tarehe 6 Mei 1980, wakati askari wapya walipokula kiapo hadharani katika uwanja wa mpira wa Bremen kuadhimisha miaka 25 ya nchi hiyo kuwa katika NATO, vijana walipambana na polisi mitaani, na zaidi ya polisi 200 wakajeruhiwa. Huko kwao sherehe ya kiapo, ambayo kwingine ni siku ya mama kupiga picha na mwanawe, iligeuka kuwa medani.

Hata miaka ya karibuni jeraha hilo halijapona. Tarehe 13 Oktoba 2021 Zapfenstreich ilipigwa mbele ya jengo la Bunge kuwaheshimu waliotumwa Afghanistan, vita ambavyo askari 59 wa Ujerumani walifia huko. Askari walisimama usiku na mienge ya moto. Mara picha zilipoonekana, ukazuka ubishi nchini humo: wengine waliona heshima iliyochelewa kwa watumishi wa nchi, na wengine waliona usiku wa tarehe 30 Januari 1933, pale wafuasi wa Hitler walipopita na mienge katika lango la Brandenburg kusherehekea kushika dola. Wote walikuwa wakitazama picha ileile. Miezi miwili baadaye Angela Merkel, akiaga uongozi, alichagua nyimbo zake za kupigwa na bendi ya jeshi kama ilivyo desturi, na mojawapo ulikuwa wimbo wa Nina Hagen uliopendwa na vijana wa Ujerumani Mashariki alikokulia. Tunakiri kwamba hilo lilitufurahisha: tarumbeta za jeshi la NATO zikipiga wimbo wa mtu anayelalamika kwamba filamu ya rangi imesahauliwa nyumbani.

Okahandja

Sasa tuje Afrika, ambako gwaride hili halikuletwa na mwalimu aliyeajiriwa kama Körner. Lililetwa na meli za kivita.

Katika nchi ambayo leo ni Namibia, Waherero walisimama kupigana na ukoloni wa Kijerumani mwezi Januari 1904. Baada ya mapigano ya Ohamakari tarehe 11 Agosti mwaka huo, Jenerali Lothar von Trotha aliwasukuma jangwani Omaheke na kuziba visima, na tarehe 2 Oktoba akatoa amri ya kuwaangamiza. Waliosalia, na baadaye Wanama, walifungwa katika makambi, kama lile la Kisiwa cha Papa huko Lüderitz. Kati ya Waherero wanaokadiriwa kuwa 80,000 kabla ya vita, hesabu ya mwaka 1911 iliwakuta kiasi cha 15,000 tu. Kisha Wajerumani wakaweka sherehe. Tarehe 27 Januari 1912, siku ya kuzaliwa kwa Kaiser Wilhelm wa Pili, walizindua mjini Windhoek sanamu ya askari aliyepanda farasi, karibu na mahali palipokuwa na kambi ya wafungwa. Majina yaliyoandikwa juu yake yalikuwa ya Wajerumani peke yao.

Mwaka 1915 majeshi ya Afrika Kusini yaliwashinda Wajerumani na kuichukua nchi, mkoloni mmoja akampisha mwingine. Mwaka 1923 kiongozi wa Waherero, Samuel Maharero, alifariki uhamishoni Bechuanaland, na mwili wake ukarudishwa Okahandja kuzikwa karibu na wazee wake mwezi Agosti. Hapo ndipo dunia ilipoona jambo ambalo wengi hawakulielewa. Maelfu ya Waherero walikuja, na wanaume wakaja katika vikosi, wamevaa sare za kijeshi, wakipiga hatua pamoja kwa amri za Kijerumani, chini ya maafisa wenye vyeo vya Kijerumani. Kikundi chao kiliitwa Oturupa, kutokana na neno la Kijerumani lenye maana ya kikosi. Vijana wengi miongoni mwao walikuwa wamekulia makambini, watumishi wa maafisa wale wale waliowaulia baba zao, na huko ndiko walikojifunza amri hizo.

Mpaka leo kila mwezi Agosti mazishi yale hukumbukwa pale pale kwa gwaride la bendera nyekundu. Mgeni wa Kijerumani anayefika huko mara nyingi hubabaika. Wapo waliofikia hata kudhani kwamba Waherero wanawatamani watawala wa zamani! Huo ni upofu wa mtu anayetazama sare asimtazame aliyeivaa. Waherero wenyewe hueleza kwamba anayemvua adui nguo na kuivaa amechukua nguvu yake. Nasi tunaongeza maelezo ya kisiasa. Watu hawa walikuwa wamenyang'anywa ardhi, ng'ombe na machifu wao, na kila chama chao kingepigwa marufuku. Walihitaji umoja unaoonekana kwa macho, wenye ngazi za uongozi, wenye kujua nani yuko wapi kutoka mji mmoja hadi mwingine, wenye kusaidia mgonjwa na kuzika maiti. Umbo la muundo kama huo walilokuwa wamelijua kwa karibu lilikuwa la kikosi. Wakalichukua. Utawala wa Afrika Kusini haukubabaika kama watalii. Ulilitazama gwaride hilo kwa wasiwasi tangu mwanzo, na tunaona ulilielewa vizuri zaidi.

Sanamu ya farasi iliondolewa usiku mmoja wa Desemba 2013. Mwezi Mei 2021 serikali ya Ujerumani ilikubali kuyaita mauaji yale kuwa ya kimbari, ikaahidi euro bilioni 1.1 katika miaka 30, lakini viongozi wengi wa Waherero na Wanama walikataa kwa kuwa hawakushirikishwa kwa haki katika mazungumzo, na kwa kuwa fedha hizo hazikuitwa fidia. Gwaride la Okahandja linaendelea.

Kwetu

Katika nchi yetu gwaride hilo lilifika mwaka 1889 pamoja na Hermann von Wissmann, aliyetumwa kumzima Abushiri na watu wa pwani. Askari wake wengi walikuwa Wasudani walioandikishwa Cairo, pamoja na Washangaa kutoka Msumbiji. Ndiyo maana vyeo katika jeshi la Mjerumani hapa kwetu havikuwa vya Kijerumani: ombasha, shaush, effendi ni maneno ya Kituruki yaliyopitia Misri. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo huo. Tangu hapo uwanja wa boma ulikuwa na kazi mbili. Siku ya kuzaliwa kwa Kaiser palikuwa na gwaride na bendera, na siku nyingine watu walilazwa hapo hapo wakapigwa kiboko, hamsa ishirini, mbele ya ndugu zao. Kijiji kilichoitwa kuja kutazama jambo la kwanza kilikwisha kuona la pili. Baada ya Maji Maji kuanza mwaka 1905 jeshi hilo lilichoma mashamba na maghala mpaka njaa ikaua zaidi ya risasi. Songea, tarehe 27 Februari 1906, mashujaa wa Wangoni akiwemo Nkosi Mputa Gama walinyongwa hadharani, nayo ikawa pia sherehe yenye mpangilio wake.

Mwaka 1909 Wissmann alisimamishiwa sanamu Dar es Salaam, na chini yake sanamu ya askari mweusi akimwinulia macho. Waingereza waliiondoa baada ya kuichukua nchi, ikapelekwa Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968. Hapa kwetu, mahali ilipokuwa, mwaka 1927 pakawekwa sanamu ya Askari tunayoijua wote.

Lakini watu wetu hawakuwa watazamaji tu. Katika ngoma ya beni, iliyoanza pwani ya Kenya karne ya 19 ikiisha na kuenea Tanganyika hasa kwa askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, vijana waliligeuza gwaride la mzungu kuwa ngoma yao: sare, fimbo badala ya bunduki, ngoma kubwa, na vyeo kutoka koplo mpaka mfalme. Kulikuwa na Marini na kulikuwa na Arinoti. Wapo kati yetu waliowahi kuipuuza beni kwa kuiita kasumba. Tunadhani wanakosea, ingawa hatutaki kuitukuza. Vyama hivyo vilichangishana, viliuguza, vilizika, na viliunganisha miji, mambo yaliyowatia hofu maofisa wa Kiingereza. Pamoja na hayo vilibeba matabaka ndani yake, maana Marini walikuwa zaidi makarani na waungwana wa mjini, na Arinoti walikuwa wengi wao watu wa bara na watoto wa waliokuwa watumwa. Waliiga jeshi pamoja na dharau zake.

Aliyelipa gharama kubwa kuliko wengi kwa kuiamini sare hiyo alikuwa kijana wa Dar es Salaam. Mahjub bin Adam Mohamed, ajulikanaye kama Bayume Mohamed Husen, alizaliwa mwaka 1904, mtoto wa askari wa Kisudani, akaingia jeshini akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mshahara ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Hakulipwa. Akabaki huko, akafanya kazi ya kuhudumia hotelini, akafundisha Kiswahili, akacheza katika filamu za kusifu ukoloni, na katika mikutano ya wapenda makoloni alijitokeza amevaa sare ya askari na kushika bendera. Aliomba nishani ya wapiganaji wa mstari wa mbele akanyimwa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, na tarehe 24 Novemba 1944 akafa katika kambi ya Sachsenhausen. Waliofurahia kumwona amesimama na bendera yao hawakuhitaji kitu kingine kwake.

Na kuna kisa cha mafagio. Husimuliwa katika vitabu vya Wazungu kwamba mwaka 1964, mwaka aliokufa Paul von Lettow-Vorbeck, serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani malimbikizo yao, ikafungua ofisi ya malipo ya muda huko Mwanza. Wazee mamia kadhaa walifika, lakini wachache walikuwa na hati. Mlipaji akabuni mtihani: kila mzee alipewa fagio ashike kama bunduki, akaamriwa kwa Kijerumani. Husemwa kwamba hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Kisa hiki hupendwa sana Ujerumani, na hueleweka kuwa ushahidi wa uaminifu wa askari mweusi. Sisi tunakisoma vingine, hata kama kila neno lake ni kweli. Aliyefunzwa kwa kiboko hasahau, na kukumbuka kwake hakusemi kama alipenda. Tena mwaka ule haukuwa mwaka wa kumbukumbu tu. Muungano wetu ulikuwa umezaliwa mwezi Aprili, Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki, na Bonn ilikuwa ikitubana tuifukuze. Mwanzoni mwa 1965 ilipokatiza msaada wake wa kijeshi, Mwalimu aliwaambia waondoe na msaada wao mwingine. Hatusemi fedha za Mwanza zilikuwa hongo. Wazee wale walistahili kila senti, na walikuwa wamecheleweshewa miaka 46. Tunasema tu kwamba dola ile ile ilijua kuhesabu wakati ilipotaka.

Kwa upande mwingine hesabu haikuwekwa kabisa. Katika vita vile kila kikosi cha Lettow-Vorbeck kilitembea na wapagazi wengi kuliko askari, wanaume na hata wanawake waliochukuliwa vijijini kwa nguvu, wakabeba chakula, risasi na mizinga kutoka Kilimanjaro mpaka Msumbiji na kurudi. Jeshi la Kijerumani halikuorodhesha wangapi walikufa njiani. Hawakufundishwa gwaride, hivyo hata kama mmoja wao angefika Mwanza siku ile, fagio lisingemsaidia.